Kitabu cha Baba Mkwe

Mzee huyo aliitwa Andongwisye. Sisi tunaweza kumtaja, hatuna ukwe naye. Sekela, mke wa mwanawe, hakuwahi kulitamka jina hilo hata mara moja tangu aolewe, na shida yote ilianzia hapo, maana jina hilohilo ndilo lililokuwa juu ya kitabu alichokuwa anakitafuta.

Kwa asiyejua mambo ya Rungwe, ni hivi. Mwanamke haonani na baba wa mumewe. Haketi naye chumba kimoja, hali naye, hasemi naye, hamtazami usoni, na jina lake halitii mdomoni. Wakikaribiana njiani, mwanamke anaingia migombani na kugeuza mgongo mpaka mzee apite. Si chuki, ni heshima, na wanawake wa huko watakwambia hivyo wakiwa wamesimama kwenye umande, khanga zimelowa mpaka magotini. Wamisionari walihubiri dhidi ya jambo hilo wakachoka. Andongwisye mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa na mwalimu mstaafu, tena mwenye akili zake, lakini kila alipoikaribia nyumba ya mwanawe alikohoa kwa makusudi, kikohozi kizito cha kifuani, ili Sekela apate kujiondoa. Miaka yote ya ndoa yake, hicho kikohozi ndicho kitu pekee alichowahi kupewa na mkwewe. Alikijua kuliko alivyoijua sura ya mzee.

Sekela alikuwa mwalimu wa historia, sekondari, hapo Tukuyu. Serikali ilimruhusu kwenda kusoma chuo kikuu Dar es Salaam, na mwaka wa mwisho ulipofika akatakiwa kuandika tasnifu. Wenzake walichagua mambo ya wakati ule: soko huria, vyama vingi, viwanda kuuzwa. Yeye alichagua wapagazi, wale vijana wa Rungwe waliokamatwa wakati wa vita ya Wajerumani na Waingereza wakabebeshwa mizigo ya jeshi, wengi wao wasirudi tena. Alipoulizwa kwa nini, alijibu maneno ya kisomi kuhusu mapengo katika historia. Uongo mtupu. Alichagua wapagazi kwa sababu ya mama yake.

Mama yake, Agness, alikuwa tumboni walipomchukua baba yake. Baba huyo aliitwa Nsajigwa, na hakurudi. Hakuna aliyeleta habari kwamba amekufa, kwa hiyo hakuliliwa. Watu wa Rungwe wanaacha kila kitu kwa ajili ya msiba, wanalala nje kwenye baridi kwa ajili ya maiti ya jirani, na huyu mtu hakupata hata chozi la pamoja. Nyuma ya nyumba ya Agness, kule Kiwira, kilikuwepo kipande cha ardhi kisicholimwa, kimezungushiwa mawe. Katika nchi ambayo watu wanapanda viazi mpaka ukingoni mwa barabara, kipande hicho kilikuwa kama kichaa. Agness alisema kinangoja udongo. Siku mtu atakapomwambia baba yake alilala wapi, ataletewa konzi moja ya udongo wa pale, ataizika ndani ya yale mawe, na watu watalia wamalize. Alikuwa ameshapita miaka sabini na bado alikuwa anakipalilia.

Hilo ndilo Sekela alilolitaka. Shahada ilikuwa nyongeza tu.

Profesa wake hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa wa maandishi. Alisoma sura zake za mwanzo akasema hizi ni habari za jikoni, mwalimu, nionyeshe waliowahoji hao watu walipokuwa hai. Basi Sekela akashinda kwenye maktaba ya chuo, akipekua vitabu vinavyonuka vumbi, mpaka siku moja, chini kabisa ya ukurasa, kwenye herufi ndogo, akakuta imeandikwa kwamba mwalimu mmoja wa Rungwe alikwenda kijiji kwa kijiji miaka ya hamsini akiwahoji wapagazi waliorudi, akachapisha kijitabu. Na jina la mwalimu huyo.

Alilisoma, akalirudia kwa macho tu. Midomo haikucheza. Andongwisye wa Lupepo. Baba wa mumewe. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mzee aliandika kitabu, na nani angemwambia? Benson, mumewe, alikuwa mtu wa mgodini, makaa ya mawe Kiwira, na kwake kitabu ni kitu cha kuegeshea mlango. Sekela alifurahi mpaka akaona aibu. Halafu akakumbuka ni nani huyo, na furaha ikapoa palepale.

Msidhani alikwenda moja kwa moja kwa mzee. Alifanya kila njia ili asimfikie. Kijitabu hakikuwamo kwenye maktaba ya chuo. Akarudi nyumbani na mvua za masika, akaenda kwenye chumba cha kusomea cha pale mjini Tukuyu. Chumba hicho kilijengwa na chama cha ushirika cha zamani, kilipokuwa hai na kahawa ikiwa na bei. Sasa chama kilikuwa kimekufa, na waliobaki na funguo walikikata chumba katikati kwa mbao nyembamba. Upande wa barabarani walimpangisha mfanyabiashara wa mitumba. Upande wa nyuma, penye giza na paa linalovuja, ndipo maktaba ilipobaki, pamoja na Hezron aliyekuwa anaitunza. Redio ya mwenye mitumba ilipiga muziki kutwa nzima, na mbao zilitetemeka.

Hezron alikuwa mtu wa Kigoma, mpole, amevaa koti la mvua ndani ya nyumba. Mshahara wake ulikuwa umekatika zamani, lakini alikuja kufungua mlango kwa sababu hakujua pengine pa kwenda asubuhi.

"Karibu mwalimu. Unatafuta nini?"

"Kijitabu kuhusu wapagazi wa vita ya kwanza. Cha hapahapa."

"Mwandishi nani?"

Sekela akatazama droo za kadi. Zilikuwa zimepangwa kwa majina ya waandishi, kama ilivyo desturi ya maktaba zote. "Fungua herufi A," alisema.

"A nani? Zipo nyingi."

"We fungua tu, kaka."

Hezron akaivuta droo, naye Sekela akazipitia kadi kwa vidole mpaka akaipata. Akaiwekea kidole. Hezron akainama, akasoma kwa sauti jina lote la mzee, wazi kabisa, na Sekela akashtuka kana kwamba mtu amevua nguo mbele yake.

"Ahaa. Kadi ipo," alisema Hezron. Halafu akavua miwani. "Kitabu hakipo. Walipopitisha huu ukuta, mashelfu ya upande ule yalitolewa nje. Nikawaambia vinalowa. Wakasema basi viuzwe. Vikapimwa kwa mizani, mwalimu. Kwa kilo. Wakachukua wauza maandazi."

"Vyote?"

"Vya upande ule vyote. Historia ilikuwa upande ule."

Sekela alitoka bila kuaga. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya Tukuyu, isiyo na hasira wala haraka, ambayo haikupigi bali inakukalia. Alikwenda sokoni akanunua maandazi asiyoyataka kwa kila mama aliyeyauza, akakunjua kila karatasi. Alipata ukurasa wa kilimo bora cha pareto, ukurasa wa hesabu, na sura ya kitabu fulani cha afya kuhusu minyoo, vyote vimelowa mafuta. Mama mmoja akamuuliza kama maandazi yake yana kasoro. Akasema hapana, mama, ni mazuri, akampa mtoto aliyepita.

Kesho yake alirudi kwa Hezron, kwa sababu hakujua pengine pa kwenda naye pia.

"Huyu mwandishi alishafariki?" Hezron aliuliza.

"Yupo. Ni baba mkwe wangu. Yupo Lupepo."

Upande wa pili redio ilikuwa inatangaza bei ya dola. "Mwalimu," alisema Hezron, "si uingie tu umuulize?"

Sekela akacheka, lakini si kicheko cha raha. Angeanza wapi kumweleza? Alikuwa amesoma mila za watu wengine, aliandika insha juu yake na kupewa alama nzuri. Angeweza kusema mbele ya darasa kwamba mila hubadilika. Lakini akifikiria kusimama mbele ya yule mzee na kufumbua kinywa, aliogopa. Hofu hiyo hakuichagua. Aliwekewa na bibi zake kabla hajajua kusoma.

Akaenda Lupepo Jumapili mchana, na kilo ya sukari na dagaa, akizungukia nyuma ya nyumba na kuingia jikoni, kama inavyotakiwa. Justa, dada yake Benson, alikuwa anamenya ndizi. Alifiwa na mume akarudi kwa baba yake, na yeye ndiye aliyekuwa anamtunza, maana mzee alikuwa ameingiwa na ukungu machoni na mikono yake ilitetemeka hata kikombe kikamwagika. Wakati huo mzee alikuwa ameketi mbele, barazani, akiota jua lisilokuwepo.

"Ndaga, wifi," Justa alimwamkia. "Leo kuna nini?"

Sekela akamweleza. Justa akafuta mikono, akaenda mbele. Kutoka jikoni Sekela alisikia sauti yake ikisema na baba yake kwa Kinyakyusa, halafu kitu alichodhani ni kilio. Kumbe ni kicheko. Mzee alicheka mpaka akapaliwa.

Justa akarudi na kifurushi cha nailoni ya mbolea. "Kilikuwa chini ya godoro. Anasema alidhani atazikwa nacho. Anasema walipochapisha walimpa marundo mawili, akagawa, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuja kumwambia nimekisoma. Anauliza, unataka kukisoma kweli au unataka kukitazama?"

"Mwambie kweli."

Akakisoma palepale, karibu na moto, akiwa na moshi machoni. Kilikuwa kitabu chembamba, cha Kiswahili safi cha walimu wa zamani. Wapagazi walikuwa wanasema wenyewe: jinsi walivyofungwa kamba viunoni, jinsi walivyokula ngozi za mizigo, jinsi mtu alivyokaa chini kupumzika akawa hainuki. Kila mara Justa alikwenda mbele na kurudi na swali la mzee. Amefika wapi? Amefika kwenye mto? Na hapo pa mto anaonaje? Alikuwa kama mtu aliyepika karamu akakaa miaka na miaka akingoja mgeni wa kwanza atie tonge mdomoni. Mgeni amekuja, naye haruhusiwi kuingia jikoni kumwona akila. Sekela alisema anaona vizuri, mwambie ni kitabu kizuri mno. Justa aliporudi alikuwa anajifuta macho na kulalamikia moshi.

Lakini jina la Nsajigwa halikuwemo. Mwishoni mzee aliandika tu: waliobaki njiani hatukujua walipozikwa.

"Mwambie hivi," alisema Sekela. "Muulize kuhusu Nsajigwa wa Kiwira. Baba wa mama yangu."

Justa alikaa mbele kwa muda. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. "Sijui umemuuliza nini. Amesema lipo jambo la mtu huyo alilolijua na akaliacha nje ya kitabu. Anajua alipolala. Mtu aliyerudi alimwelekeza mpaka mti. Lakini anasema haliwezi kupita kinywani mwangu mimi, kwa sababu jambo hilo lina watu ndani yake litakaowaaibisha, na mimi niliolewa kwa watu hao. Wala kwa Benson halipiti, Benson anakunywa nao, na mdomo wake hauna mlango. Anasema atamwambia mke wa Benson mwenyewe, mdomo kwa sikio."

"Atawezaje?"

"Anakupa ng'ombe."

Msije mkadhani mila hii haina mlango wowote. Upo, mmoja. Mzee akitaka, anampa mkwewe ng'ombe mbele ya watu, na siku hiyo wanaamkiana, na tangu hapo wanaweza kusema. Wengi hawaufungui maisha yao yote, lakini upo. Andongwisye aliamua kuufungua. Tatizo ng'ombe. Mmoja aliyekuwa naye nyumbani aliuzwa mwaka uliopita kwa ajili ya matibabu, maana siku hizo hata kuumwa kulikuwa kwa pesa taslimu. Aliyebaki alikuwa mtamba aliyempokeza rafiki yake Jotham amfugie, juu mlimani, na njia ya huko masika ni tope tupu, ng'ombe anaweza kuvunjika miguu. Akasema mvua zikipungua Jotham atapelekewa habari amshushe mtamba.

Sekela akakubali. Nataka hilo lieleweke. Hakulazimishwa. Alikubali kwa moyo wote, na tena akaona amepewa heshima kubwa kuliko alivyostahili. Alipita Kiwira akamweleza mama yake. Agness alikuwa amekaa juu ya kigoda, anapukuchua mahindi, na mikono haikusimama.

"Anajua mpaka mti?"

"Ndivyo alivyosema, mama."

"Basi ngoja ng'ombe," alisema Agness. "Usimvunjie mzee wa watu heshima kwa ajili yangu. Nimengoja tangu tumboni. Nitashindwa kungoja njia ikauke?"

Njia haikukauka. Mvua ya mwaka ule ilichelewa kuondoka kama mgeni asiye na aibu, ukungu ukashuka mpaka milangoni, na mzee akashikwa na kifua. Mwanzoni walisema mafua. Halafu akawa hali, na vijana wakambeba kwenye kitanda cha kamba mpaka barabarani, wakapata gari, wakamfikisha hospitali ya Igogwe. Nimonia. Benson alitoka mgodini kabla ya zamu kuisha, akatuma mtu kwa Jotham, mtamba ashushwe sasa hivi, tope au si tope. Jibu likaja kwamba wametoka naye, watafika Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Sekela alikwenda Igogwe na uji kwenye chupa. Hakuingia wodini, bila shaka. Alikaa na wanawake wa ukoo kwenye majani, chini ya ukuta, wamejifunika khanga. Shangazi yake Benson alikuwepo, mwanamke mzee mwenye macho makali, na wengine ambao Sekela aliwajua kwa kuwaamkia tu. Kitanda cha mzee kilikuwa karibu na dirisha. Dirisha lilikuwa wazi, na pazia lilikuwa linacheza kwa upepo.

Saa za alasiri Justa alitoka kwenda kuchota maji ya moto. "Sogea dirishani, wifi," alisema, "ukisikia anaanguka uniite."

Akasogea. Akasimama pembeni ya dirisha, mgongo ukutani, uso ameugeuzia migomba ya hospitali. Alisikia pumzi ya mzee ikikwaruza, na kikohozi cha ugonjwa, chembamba, chenye maji. Alikwisha kusikia wagonjwa wengi wakikohoa namna ile. Akaomba kimoyomoyo mtamba awahi.

Ndipo akasikia kikohozi kingine. Kile cha kwake. Kizito, cha kifuani, cha makusudi, kile cha mtu anayekaribia nyumba ya mwanawe. Kilimgharimu mzee, kwa sababu baada yake alihema muda mrefu. Mguu wa Sekela ukainuka wenyewe kutaka kuondoka, kama miaka yote.

"Nani yupo hapo nje?" sauti ya mzee iliuliza.

Sekela akaurudisha mguu chini.

"Nimesikia nyayo. Justa ameondoka, najua. Kama ni mke wa Benson, asiseme neno. Akohoe tu. Nijue yupo, mimi nitasema. Ukuta upo katikati yetu, hatuonani. Mungu si mtoto, ataelewa."

Sekela akafumbua kinywa. Hewa ikaingia. Ni jambo dogo, kukohoa. Mtoto mchanga anaweza. Akageuza macho, akaona wanawake wote kwenye majani wanamtazama. Walikuwa wamesikia sauti ya mzee ingawa hawakushika maneno. Shangazi alikuwa amenyoosha shingo, na akatikisa kichwa polepole, mara moja, kama mtu anayemwonya mtoto asiguse sufuria. Sekela akaona aibu mpaka masikio yakapata moto. Akajiambia: Jumamosi. Mtamba yupo njiani, keshokutwa tu, nitamwamkia mbele ya watu kama binti wa watu, na mama atapata jibu lake kwa njia safi. Kwa nini niibe kitu ninachopewa? Akafunga kinywa. Hata pumzi aliizuia, asije akasikika.

Mzee alingoja. Alingoja kweli. Pazia likaja nje likarudi ndani.

"Basi," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe. "Hayupo."

Justa akarudi na maji. "Amesema kitu?" aliuliza.

"Sikusikia," alisema Sekela, akarudi kukaa kwenye majani.

Andongwisye alifariki Ijumaa alfajiri. Jumamosi, watu wakiwa wamejaa uwanjani Lupepo, Jotham akatokea kwenye ukungu na mtamba mweusi mwenye baka jeupe, miguu imejaa tope mpaka tumboni, wote wawili wamechoka. Hakuwa na habari. Alikuwa amevaa shati safi, la sherehe, kwa sababu alijua anakuja kushuhudia salamu. Akasimama pale anatazama umati, kamba mkononi. Benson akaenda akaipokea. Wazee wakanong'ona kidogo, na hapakuwa na la kubishana, msiba ni msiba na watu ni wengi. Mtamba akachinjwa kuwalisha waombolezaji.

Sekela alikuwa nyuma na wanawake wengine, anapika. Alipewa sehemu yake ya nyama kwenye sahani ya bati. Aliishika mpaka mafuta yakaganda, halafu akampa mbwa, akamwona shangazi anamtazama, akaona hajali tena. Alilia siku hiyo kuliko watoto wa marehemu. Watu wakamsifu kwamba ni mkwe mwenye upendo, na kila aliyemsifu alimwongezea uchungu.

Tasnifu yake ilipita. Ipo mpaka leo kwenye maktaba ya chuo, na akitokea mtu wa kutafuta habari za wapagazi wa Rungwe ataikuta. Ndani yake ameandika kwamba waliobaki njiani haijulikani walipozikwa, na chini, kwa herufi ndogo, ameonyesha alikoyatoa maneno hayo. Siku ya kuitetea waliomhoji walimtaka ataje mwandishi wa kijitabu. Akanyoosha mkono, akaliwekea jina kidole. Wakadhani ana woga wa mtihani.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku waliyomaliza matanga, kabla hata ya kubadili nguo, alishuka Kiwira kwa mama yake. Agness alikuwa mlangoni. Habari za kifo zilishamfikia, na za mtamba pia.

"Pole, mwanangu," alisema. "Basi hakuwahi kusema."

Sekela angeweza kuliacha hapo. Alikwisha kumdanganya Justa, na uongo wa pili huwa mwepesi. Lakini alitazama zile khanga za mama yake, na ile mikono, akashindwa.

"Alitaka kusema, mama. Nilikuwa dirishani. Aliniambia nikohoe tu ajue nipo, aseme. Sikukohoa."

Agness akakaa chini kwenye kigoda chake. Sekela alingoja apigwe, atukanwe, afukuzwe, na lolote kati ya hayo angelishukuru.

"Ulifanya heshima," alisema Agness. "Nami ningefanya hivyohivyo."

Sekela alilala huko. Asubuhi alipoamka hakumkuta mama yake ndani. Akazunguka nyuma ya nyumba. Agness alikuwa ameinama na jembe, amekwisha kuyatoa mawe na kuyapanga kando ya ukuta, na udongo mweusi wa kile kipande ulikuwa umegeuzwa wote. Kiunoni alikuwa amefunga bakuli la mbegu kwa khanga.

"Mama, unafanya nini?"

"Maharage," alisema Agness, bila kuinua kichwa. "Mvua bado ipo. Lete na wewe jembe."